Niliweka tairi kubwa kwenye SUV ndogo, hazikusugua popote, na bado najuta

Wakuu, salaam. Wa jukwaa la magari, na nyie mliopotea njia mkaingia humu, vuteni viti.

Hii siyo chai ya kutunga, ni kweli tupu. Nimekaa nayo tangu msimu wa mvua uliopita, na mke wangu ndiye aliyeniambia niiandike, maana kila nikiwasha gari nakuwa kimya naye anajua nawaza nini.

Najua title imewavuta wenye mpango wa kubadilisha tairi. Msiwe na shaka, saizi nitazitaja na nitaeleza nilichofanya mpaka zikaacha kusugua. Ila mkishachukua saizi msikimbie, someni mpaka chini.

Mimi ni mpima ardhi hapa Dodoma. Kazi yangu asubuhi hadi jioni ni kupima. Naomba mlikumbuke hilo.

Gari ni SUV ndogo ya Kijapani, milango mitano, 4WD. Jina silitaji kwa sababu nawajua, mtaanza ligi ya gari la nani linakunywa mafuta. Lilikuja na tairi 215/70 R16, na pembeni lilikuwa na ngazi, yale mabomba ya kukanyagia unapopanda. Ni gari la kazini, kanisani na ukweni.

Stori iko ukweni.

Mama mkwe wangu anaishi ndani ndani huko Bahi. Kutoka mjini unateleza na lami vizuri, halafu unachepuka, na hapo ndipo unapoanza kumkumbuka Mungu wako. Kilomita kumi na kitu za udongo mweusi. Kiangazi ni vumbi tu. Mvua ikishanyesha, ule udongo unaganda kwenye tairi mpaka tairi yenyewe huioni.

Mama ana magoti mabovu, yote mawili, na kila mwezi lazima aje mjini kliniki. Kumfuata ni kazi yangu. Hakuna aliyenipangia, niliichukua mwenyewe kwa sababu yule mama nampenda.

Sasa kwa wale wasio wa huku, niwaeleze kitu kimoja, maana bila hicho hamtanielewa mbele.

Sisi ni Wagogo, mimi wa Kibakwe na yeye wa Bahi, na kwa wazee wetu mkwe anaheshimiwa kwa kukaa naye mbali kidogo. Miaka kumi na moja ya ndoa, mama huyu hajawahi kunipa kikombe mkononi. Anakiweka juu ya stuli, anarudi nyuma, ndipo nakichukua. Kwenye gari anakaa kiti cha nyuma, nyuma yangu kabisa, ili tusionane kwenye kioo. Akitaka kusema neno anamwambia binti yake, "Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo." Mimi nimesikia vizuri tu, lakini nasubiri niambiwe. Wanangu huwa wanacheka mpaka wanalala kwenye siti.

Siyo kwamba hatupendani. Ndivyo tunavyopendana.

Kumgusa sasa, hilo halipo kabisa.

Turudi kwenye gari.

Msimu wa mvua wa kabla ya huo nilikuwa namleta mama kliniki, gari likakaa tumbo. Tairi nne zote zinazunguka, gari limetulia juu ya tope kama limelala. Tulikaa pale masaa matatu mpaka jamaa mmoja akaja na maksai wake wakatuvuta. Mama muda wote yuko siti ya nyuma, hajalalamika hata neno moja. Kufika mjini, daktari wa magoti ameshaondoka.

Niliumia sana siku ile. Nikajiapiza kwamba huyu mama hatakwama tena kwenye gari langu.

Nikaenda kwa fundi wangu, nitamwita Chogo. Nikamwambia nataka tairi kubwa na sitaki kusikia zinasugua.

Tukaweka 225/75 R16. Kwa wanaopenda hesabu, tairi inaongezeka kimo kama sentimita tatu na nusu, maana yake gari linapanda nusu ya hapo. Macho yalifurahi. Gari lilikuwa limesimama kama askari kwenye gwaride.

Natoka getini kwa Chogo, nakata kona mpaka mwisho, krrrr. Nikarudi.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza tulitoa zile raba za kuzuia tope nyuma ya tairi za mbele. Bado ikasugua. Tukapasha moto plastiki ya ndani ya madigadi tukaisukuma nyuma, na pale ilipogoma tukaikata. Kuna ukingo wa bati nyuma ya tairi la mbele, Chogo akaulaza kwa nyundo akapaka rangi pasishike kutu. Hapo gari tupu likawa halisugui hata ukirudi rivasi usukani umekata wote.

Lakini gari tupu halina maana. Wengi mnakosea hapo, mnajaribu gari tupu gereji halafu mnalia mkishapakia familia. Mimi nilijiona mjanja. Nikamwambia Chogo tulijaribu na mzigo. Tukaweka mifuko miwili ya mchanga kwenye buti, wakaingia mafundi watano, tukapita kwenye matuta ya barabarani. Nyuma ikagusa.

Chogo akasema dawa ni spacer za springi, vile vipande vya kuinua gari, inchi mbili, mbele na nyuma. Tukaweka. Tukaenda kupiga alaimenti. Tukapakia tena wale watano na mchanga wao, tukapita matuta yale yale kwa fujo. Kimya. Hakuna kilichogusa kitu.

Limebaki jambo moja, na naliandika kwa uchungu.

Ngazi moja ya pembeni ilikuwa imepinda siku ile ya tope. Chogo akaipiga teke kidogo akasema, "Mkuu, hizi ngazi ndizo zilizokukwamisha. Zinachota tope kama koleo."

Alikuwa sahihi. Ngazi ilikuwa sehemu ya chini kuliko zote. Nikamwambia atoe zote mbili.

Nikachukua futi kamba yangu nikapima. Nafasi ya tairi la mbele kulia, kushoto, nyuma kulia, kushoto, usukani ukiwa umenyooka, usukani ukiwa umekata. Niliandika kwenye daftari la kazini. Gari lilikuwa limepanda karibu sentimita saba. Nikapiga picha nikatuma kwenye magrupu yote, hata la kwaya.

Wale mafundi watano, wakuu, hakuna hata mmoja aliyekuwa na goti bovu. Walikuwa wanarukia ndani kama mbuzi.

Mke wangu siku ya kwanza kupanda alikunja kitenge, akashika mlango, akajivuta. Akakaa, akatengeneza nguo, akasema, "Hili gari sasa linataka suruali."

Nikacheka.

Akasema, "Na mama atapandaje?"

Nikamjibu, "Si utamshika mkono."

Hilo jibu langu nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

Na kweli, kliniki mbili zilizofuata alimshika. Yeye anavuta kwa ndani, shemeji yangu, mtoto wa kiume wa mama, anasukuma kwa nje, mama anaingia. Mimi muda huo nageuka kwa heshima, na nikishageuka nafanya nini? Nazunguka gari naangalia kama tairi zimegusa plastiki. Nilikuwa nachungulia chini ya madigadi wakati mama wa watu anapandishwa kama gunia.

Ikaja mvua.

Dada mkubwa wa mama mkwe, sisi tunamwita mama mkubwa, alilazwa hospitali hapa mjini. Katika watoto wa tumbo moja walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama. Mke wangu akawa analala naye wodini.

Asubuhi moja niko saiti, Nzuguni huko, nimesimamisha kifaa changu, simu ikaita. Mke wangu.

"Anamtaja mama. Kamlete."

Nikasema nimalizie pointi mbili hizi.

"Nenda sasa hivi, baba Neema. Sasa hivi."

Nikaacha kila kitu kwa mwenzangu nikaondoka.

Njiani nikampigia shemeji, akaniambia yuko Mtera, amefuata samaki. Sikuona tatizo. Kwangu tatizo lilikuwa barabara, na barabara nilikuwa nimejiandaa nayo.

Nilipochepuka kutoka kwenye lami nikakuta tope limelala kama ziwa. Kulikuwa na pikapu imezama mpaka kwenye ekseli, wenyewe wamekaa pembeni wamechoka. Bodaboda hazipiti. Nikaweka 4WD nikaingia taratibu. Wakuu, lile gari lilipita. Liliyumba, likatema tope mpaka juu ya kioo, likapita. Nilisikiliza kila kona kama kuna kusugua, sikusikia kitu.

Acha niungame hapa. Nilikuwa na furaha. Mtu anakata roho hospitali, na mimi nilikuwa nachekelea tairi.

Nilimkuta mama amesimama nje ya nyumba, amejifunga khanga mbili, mfuko mkononi. Yuko tayari tangu alipopigiwa simu. Kijiji kitupu, maana ilikuwa siku za kupandikiza mpunga, wote wako kwenye majaruba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Dada anasemaje?"

Aliniuliza mwenyewe moja kwa moja. Hakukuwa na mtu wa kupitishia.

"Anakusubiri, mama."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikasogea mbali hatua kadhaa, nikageukia zizi la mbuzi. Kama kawaida yangu.

Nikasikia mkono umeshika mlango. Nikasikia anavuta pumzi. Kiatu kikakwaruza bati, kikateleza. Kimya. Kikakwaruza tena.

Nikageuka. Mama ameshika siti kwa mkono mmoja, mguu umeinuka umefika pale goti linapoishia kukubali, na gari bado liko juu. Palipokuwa na ngazi hapana kitu.

Nikakimbilia stuli ya miguu mitatu iliyokuwa kibarazani, nikaiweka chini ya mlango nikasogea. Akapanda juu yake. Mguu mmoja wa stuli ukazama kwenye tope, mama akaenda upande.

Nikaruka na mikono yangu yote miwili mbele.

Aliiona ile mikono. Akashika mlango kwa nguvu, akajirudisha mwenyewe chini, akakaribia kukaa kwenye tope, ilimradi tu nisimfikie.

"Hapana baba," alisema. "Niitie kina Mama Yohana."

Mama Yohana ni jirani yake. Majaruba yao yako mbali, ng'ambo ya kijiji. Kutoka hapo gari haliendi, ni kingo nyembamba kati ya maji na maji. Nilikimbia. Nilianguka mara mbili. Kundi la kwanza la akina mama nililolikuta wakaniambia Mama Yohana yuko mbele zaidi, na wao ni wageni, hawawezi kumshika mama wa watu. Nikaendelea. Nikampata, yeye na mkwewe mwanamke, tope limewafika mapajani. Hawakuuliza maswali, waliacha miche pale pale wakanifuata.

Kwenda na kurudi ilipita saa nzima na zaidi.

Walinawa mikono kwenye pipa, mmoja akaingia ndani akavuta, mwingine akasukuma. Mimi nimegeukia lile zizi. Mama akakaa.

Najua kuna watakaosema ningemnyanyua tu, mambo ya mila siyo ya wakati huu. Nimewaza sana. Nawaambia mngekuwa mmeiona ile sura alipoona mikono yangu, msingesema haraka hivyo. Angefika kwa dada yake na aibu ambayo asingeweza kumwambia mtu. Lakini pia kuna siku naamka nawaza kwamba ningefanya tu, angenisamehe baadaye.

Na jamaa yangu mmoja wa kazini aliniuliza kwa upole, kwa nini sikulisogeza gari kwenye bonde dogo lililoko pembeni ya nyumba, mama akasimama juu kwenye ukingo akaingia akiwa sawa na siti. Mpima ardhi. Natafuta miinuko na mabonde kila siku ya Mungu. Halikunijia kabisa.

Tukaondoka. Barabara ile ile, gari likapita tena kama si tope. Tukafika kwenye lami, nikakanyaga mafuta.

Tumebakiza kama dakika ishirini kufika mjini, simu ikaita. Nikaweka sikioni.

Mke wangu akauliza, "Mko wapi?"

Nikamwambia.

Akasema, "Basi njooni taratibu."

Waliowahi kufiwa wanalijua hilo neno. Asubuhi aliniambia sasa hivi.

Nikakata simu. Sikusema kitu, siyo mimi wa kumwambia mama msiba barabarani, kuna watu wake wa kumkalisha chini na kumwambia. Lakini nilipunguza mwendo, na mtu mzima akiona dereva aliyekuwa anakimbia amepunguza mwendo haulizi.

Nikashika upande wa kushoto, malori yakatupita.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu.

"Gari halikukwama leo."

"Ndiyo, mama."

"Ahsante baba."

Hayo ndiyo maneno pekee mpaka tunaingia getini hospitali, ambako mke wangu na mashangazi walikuwa wamesimama wakitungoja.

Baadaye sana, baada ya mazishi, mke wangu aliniambia mama mkubwa alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Kila mlango wa wodi ukifunguliwa alikuwa anauliza kama ni mdogo wake. Alifariki kama nusu saa kabla ya ile simu.

Hesabu ni fupi. Toa ule muda niliotafuta watu majarubani, mama anamkuta dada yake anaongea. Sentimita saba na ngazi mbili.

Niliporudi kwa Chogo sikuwa na maneno mengi, nilimwambia atoe spacer zote na arudishe 215/70. Tumechagua zenye meno ya tope, basi. Nikikwama nitakwama, maksai wapo. Nikamuuliza ngazi zangu ziko wapi. Moja alikuwa ameitundika ukutani anatundikia mikanda ya injini. Ya pili alishaikata akaunganishia banda la kuku. Ilibidi wachomeleaji watengeneze nyingine kwa kuiga ile iliyobaki, na nilisimama pale pale mpaka ikaisha.

Kliniki iliyofuata tulikwenda wote, mimi na mke wangu. Nilifungua mlango, nikasogea mbali, safari hii sikugeuka. Niliweka mikono nyuma nikaangalia chini, kwenye ngazi tu. Mguu wa kwanza ukapanda. Ukatulia. Ukafuata wa pili. Mama akaingia, akakaa, akaweka mfuko wake mapajani. Hakuna aliyemshika.

Kisha akamwambia binti yake, "Mwambie mkwe wangu, hii ngazi ndiyo niliyokuwa nimeizoea."

Nikasikia. Nikasubiri niambiwe, kama ilivyo siku zote.

Mke wangu aliniangalia, hakuniambia. Akafunga mlango.

Sasa somo, wakuu, kabla sijawaachia uwanja. Tairi kubwa zinawezekana kwenye SUV ndogo bila kusugua, nimewapa njia na sijaficha kitu. Lakini kabla hujalipa fundi, mtafute mtu wako mwenye mguu mbovu kuliko wote wanaopanda gari lako. Mwambie apande. Wewe simama mbali, mikono nyuma, na usimsaidie. Asipoweza, hilo gari bado halijawa tayari hata kama halisugui popote. Na ukimjibu mtu "si utamshika mkono," jiulize siku huyo mshikaji asipokuwepo itakuwaje.

Wenye swali la saizi ulizeni. Wenye gari za juu, niambieni wazazi wenu wanapandaje, nataka kujua kwa dhati. Na wewe unayetaka kuandika kwamba ungemnyanyua tu, andika, sitakujibu vibaya. Mimi mwenyewe bado nabishana na hilo kila nikikaa kwenye usukani.